Skrubu Mbili Zilizolegea

Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomkosesha Inspekta raha.

Alikuwa amechuchumaa kwenye baraza ya nyuma, mikono juu ya magoti, akitazama jakuzi tupu, beseni kubwa la kujilowekea maji ya moto. Maji yalikuwa yamekwisha kutolewa, na kingo za ndani zilikuwa na utepe mweupe wa dawa pale yalipokuwa yakifika. Kando yake kulikuwa na ngazi fupi ya mbao na mshikio wa chuma uliong'aa kwa kushikwashikwa. Humo ndimo alimofia mwalimu mstaafu wa fizikia, mama mwenye maradhi ya viungo, aliyekuwa akijiloweka kila jioni ili apate usingizi. Daktari aliyeuchunguza mwili hakuacha nafasi ya ubishi. Katika kiganja cha kulia palikuwa na alama ndogo ya kuungua, nyeupe katikati. Mama alipigwa na umeme.

Mkaguzi wa umeme, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alikuwa akipima tangu asubuhi, na kila alichokipima kilimjibu vizuri. Waya uliotoka nyumbani ulipita chini ya ardhi, ndani ya bomba, kwa kina kinachotakiwa. Swichi ya kuzimia ilikuwa ukutani, mahali ambapo aliyemo majini anaiona lakini mkono wake haufiki. Mshikio wa chuma ulikuwa umeungwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Boksi la nyaya lilizibwa vizuri, hata sisimizi asingepenya. Na ndani ya boksi hilo mlikuwa na swichi ya kinga, ile inayokata umeme yenyewe ukianza kuvuja. Mkaguzi alibonyeza kitufe chake cha majaribio, ikaruka na kukata umeme papo hapo.

"Hita ndiyo mgonjwa," alisema, akivua miwani. Alimweleza Inspekta kwamba koili, ule mviringo unaopasha maji moto, ilikuwa imepasuka, na waya wa ethi wa humo ndani ya hita umeliwa na dawa ya maji ukabaki unga wa kijani. Umeme ulikuwa ukivuja majini, hana shaka. Aliyekaa humo bila kugusa kitu huenda asingesikia zaidi ya mwasho. Lakini akiushika mshikio wa chuma huku mwili uko majini, umeme umepata njia ya kupita, na njia yenyewe ni yeye.

"Basi ndivyo alivyokufa."

"Hapana, mama. Swichi hii ingekata kabla hajasema ah. Kwa nyaya ninazoziona mimi hapa, marehemu angekuwa hai."

Inspekta alinyanyuka taratibu, akapangusa suruali. "Kwa nyaya unazoziona leo," alisema.

Mkaguzi alimtazama, kisha akarudi kwenye boksi. Safari hii hakutoa kipimo, alitoa bisibisi. Alijaribu skrubu ya kwanza, haikutikisika. Ya pili hivyo hivyo. Akaenda akizijaribu moja baada ya nyingine, mishipa imemtoka shingoni, akilalamika kwamba aliyezikaza alikuwa na ugomvi nazo. Alipofika kwenye swichi ya kinga, chini, pale zinapotokea nyaya mbili kwenda kwenye jakuzi, bisibisi ilizunguka kwa kusukumwa na kidole tu.

"Hizi mbili zimelegea," alisema. "Hizi tu."

Alizichomoa nyaya akazigeuza kwenye mwanga. Shaba yake ilikuwa na alama za kubanwa mara zaidi ya moja, na mipindo yake ilionyesha kwamba kuna wakati zilielekezwa juu. Akaeleza kwa lugha nyepesi. Ukizitoa nyaya hizo chini ya swichi ya kinga ukazifunga juu yake, umeme unapita bila kuigusa. Swichi inabaki pale pale, inawaka taa, inaruka ukiijaribu, lakini hailindi kitu. Ni sawa na kumweka mlinzi langoni na watu wote wanapitia uani.

"Kwa hiyo mtu alizihamisha, akaja mwingine akazirudisha."

"Au ni yule yule. Hilo ni lako, mama. Langu limeishia hapa."

Inspekta alimpigia simu mkuu wa kituo, na mkuu akafurahi kwa haraka aliyoizoea. Si ndiyo hivyo, alisema. Fundi wa jakuzi alifunga vibaya kukwepa usumbufu, mama wa watu akafa, naye akaja msibani akarekebisha kabla polisi hawajapima. Jirani alimwona amesimama kwenye boksi siku ya mazishi. Binti wa marehemu alikwisha kuandikisha malalamiko, na fundi alikuwa mahabusu. Faili lipelekwe mbele.

Inspekta alimwambia atapita mahabusu kwanza.

Fundi mwenyewe mtaani walimwita Kaza, na Inspekta hakuhitaji kuuliza sababu. Alikuwa na viganja kama makasia, na alipoketi kwenye kiti cha chumba cha mahojiano kiti kililia. Hakuwa na mkanda, hakuwa na kamba za viatu, na alishika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja muda wote, kwa aibu, kama aliyeingia ukumbini na kanga ya kuogea.

Maswali ya mwanzo aliyajibu bila kupepesa. Ndiyo, jakuzi ameifunga yeye. Alitaja unene wa waya, rangi yake, mahali bomba lilipokata kona kukwepa mzizi wa mti. Alisema swichi ya kinga ilianza kuruka baada ya mvua, akaitwa, akapima, akaona tatizo ni hita. Aliwaeleza wenyeji kwamba swichi si mbovu, ndiyo inayowaokoa. Akaizima jakuzi, akawaomba wasiiguse mpaka atakapopata hita nyingine, ambayo dukani ilikuwa haijafika.

"Mwalimu alikujibu nini?"

"Alisema amenielewa."

"Na siku ya mazishi ulifuata nini kwenye boksi?"

"Palikuwa na watoto wa wageni, wanapandapanda. Nikaenda kuhakikisha pamezimwa."

"Ulilifungua?"

"Nililifungua."

"Ukakuta nini?"

"Nyaya zipo mahali pake."

"Na skrubu za swichi ya kinga? Zilikuwa zimekazwa?"

Alitazama viganja vyake. "Sikumbuki, mama."

Inspekta aliweka kalamu chini. Mtu huyu alikumbuka mzizi wa mti uliofukiwa chini ya ardhi, leo hakumbuki skrubu. Ni uongo, na tena uongo usiomfaa yeye mwenyewe, maana kama angesema zilikuwa zimelegea ingeonekana zimefungwa na mkono mwingine, naye angejitoa nusu. Mkosaji husema uongo wa kujiokoa. Huyu alikuwa akimwokoa nani?

Akabadili njia. Akamuuliza marehemu alimjuaje.

Hapo sauti ya Kaza ilishuka. Alisema alisoma kwake. Alikuwa wa benchi la nyuma, bingwa wa kuchora magari kwenye meza, walimu wamekwisha kumkatia tamaa. Siku moja mwalimu alimwekea mbele betri, balbu na kipande cha waya, akamwambia asisome chochote, awashe tu. Alihangaika kipindi kizima. Ilipowaka, mwalimu hakusema hongera, alisema, "Sasa nieleze kwa nini." Hata alipokuwa fundi mzima na watoto wake, kila alipomaliza kazi nyumbani kwa mwalimu aliulizwa swali lile lile, naye akasimama mikono nyuma akaeleza.

"Kwa hiyo alijua umeme kuliko wewe," Inspekta alisema.

Kaza alifumba mdomo, na tangu hapo hakusema tena.

Nyumbani kwa marehemu Inspekta alipokewa na binti, mwanamke mrefu aliyekonda kwa msiba, macho yamevimba lakini kilemba kimefungwa sawasawa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama fundi amekiri. Inspekta alimjibu kwamba bado, akaomba kuongea na baba.

Mgane alikuwa jikoni. Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, shule ile ile alikofundisha mkewe, na hata sasa alionekana yuko nyumbani zaidi penye sufuria kuliko penye makochi. Mikono yake ilitetemeka, si kwa hofu, kwa uzee tu. Inspekta alimwamkia, akavuta kigoda, akaketi chini yake kidogo ili mzee asipate tabu ya kuinua shingo. Binti akabaki amesimama mlangoni.

Inspekta alimwomba amsimulie tena siku ile. Mzee akaanza. Mkewe alikuwa majini kama kawaida. Yeye alikuwa ndani, redio imepanda juu, mpira unachezwa. Huenda aliitwa, hakusikia. Alipotoka alimkuta amelala kando, uso majini, mkono mmoja bado uko kwenye mshikio wa chuma.

"Halafu, baba?"

"Nikazima, nikamtoa."

"Ulizima nini?"

"Swichi ya ukutani."

Inspekta alimwacha apumue. Kisha akauliza polepole, bila ukali wowote.

"Baba, mtu akimwona mkewe uso umo majini, humrukia. Hafikiri. Wewe ulipita pembeni yake, ukaenda ukutani, ukazima kwanza. Hukuwa umejua bado kwamba ni umeme. Na kama usingezima, leo tungekuwa na makaburi mawili. Nani alikufundisha kuzima kwanza?"

Mkono wa mzee ulitafuta kitu juu ya meza, ukapata kijiko, ukakishika.

"Baba?" binti aliita kutoka mlangoni.

"Kuna kijana wa watu yuko ndani," Inspekta aliendelea. "Anaulizwa, hasemi. Nadhani anajua, na hasemi kwa sababu ya mtu anayemheshimu. Anaweza kufungwa kwa heshima hiyo."

Mzee aliweka kijiko chini. "Kila asubuhi navaa viatu nije kwako," alisema. "Nikishavaa, naketi kitandani."

Kisha akasema yote, na hakuna aliyemkatiza.

Kaza alipoizima jakuzi, mkewe alivumilia. Alivumilia mpaka vidole vikagoma kushika kikombe, na magoti yakawa yanamliza usiku, yeye ambaye hata wakati wa kujifungua hakumsikia akilia. Wakauliza hita, haijafika. Wakauliza tena. Ndipo mkewe akamwambia amletee kiti pale kwenye boksi. Mikono yake mwenyewe ilikuwa haiwezi bisibisi, kwa hiyo aliketi akawa anamwelekeza, na mzee akawa anafanya, kama wapishi wawili, mmoja anaonja na mwingine anakoroga. Zima swichi kuu. Fungua hii ya kushoto. Skrubu zilimshinda, akazikamatia kwa koleo. Toa waya huu, upeleke juu. Na huu. Funga. Hakujua maana yake. Alijua tu kwamba maji yalipata moto tena, na usiku ule mkewe alilala hadi jua likachomoza.

"Alinipa masharti," mzee alisema. "Nisimtoe mpaka nimezima. Kila siku aliniambia, zima kwanza, ndipo unipe mkono. Na nisitie kidole majini wakati inawaka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mikono yangu inanuka vitunguu, nitamharibia maji yake."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe. Aliitazama mikono yake.

"Haikuwa vitunguu," alisema.

Binti alikuwa amefika mezani bila mtu kumwona. Alivuta kiti akaketi, akaweka mkono wake juu ya mikono miwili ya baba yake.

Mzee alimalizia kwa sauti ya chini. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba Kaza akileta hita mpya, nyaya zirudishwe zilivyokuwa, kabla fundi hajafungua boksi, asije akamsuta mwalimu wake. Alipokufa, watu walijaa uani, na mtu mmoja akasema mwalimu wa fizikia mzima hawezi kufa kwa umeme ila kwa uzembe wa fundi, mwingine akadakia kwamba labda alichoka na maumivu akajimaliza. Neno hilo la pili lilimchoma. Watu walipokwenda kulala alikwenda kwenye boksi, akayafuata maelekezo ya mkewe kinyumenyume, mpaka nyaya zikarudi chini. Alikaza kadiri alivyoweza. Alitaka tu pasiwe na kitu cha kusemwa. Polisi walipomchukua Kaza, binti akawa na hakika kubwa mno kwamba kosa ni la fundi, na mzee akaona aibu kumwambia kwamba mkono uliozihamisha zile nyaya ni wake.

"Alijua kwamba anaweza kufa?" aliuliza. "Niambie wewe. Umesoma mambo haya."

Inspekta alikuwa na jibu la kumliwaza na jibu la kweli. Alifikiri kwamba mtu aliyelala miaka yote kando ya mwalimu wa fizikia angetambua tofauti.

"Alijua kuna hatari," alisema. "Ndiyo maana alikuweka mbali nayo. Lakini mtu anayetaka kufa haweki sharti la kuzima kwanza, baba. Mkeo alikuwa anategemea kutoka majini kila jioni na kulala. Siku ile aliamua kujiinua mwenyewe, akasahau au akaona ni mara moja tu. Akashika chuma."

"Kwa sababu sikusikia."

"Hilo siwezi kukuondolea," Inspekta alisema. "Ningeweza, ningekuondolea."

Alimweleza yaliyobaki bila kumficha. Kuzirudisha nyaya ni kuvuruga ushahidi, na ataliandika, kwa sababu lisipoandikwa Kaza hatoki. Wa kuamua ni wengine, huko juu. Ataandika pia kwamba mzee alisema mwenyewe, na kwamba hakuficha kwa nia ya kumponza mtu. Mzee aliitikia kwa kichwa kila sentensi, mfano wa mtu anayesomewa dawa na namna ya kuzitumia. Kisha akainuka, akaenda chumbani kuvaa viatu, na safari hii hakuketi.

Maelezo yalichukuliwa kituoni. Mkuu aliyasikiliza akiwa amesimama, na alipomaliza alikuna kidevu akauliza kama hakuna namna fundi naye akapatikana na kosa, walau la kuficha. Inspekta alimwambia fundi aliulizwa skrubu akasema hakumbuki, na kwamba kutokukumbuka si jinai, vinginevyo nusu ya kituo ingekuwa ndani. Mkuu alicheka bila kupenda, akatia sahihi.

Mzee alikataa kuondoka. Aliketi kwenye benchi la korido na binti yake, kofia magotini. Kaza alipotoka alikuwa amebeba mkanda na kamba za viatu mkononi. Alipomwona mzee alisita, akataka kurudi nyuma, kisha akaja akaketi kando yake na kuinama kufunga viatu, labda apate mahali pa kuficha uso.

"Nimewaambia," mzee alisema.

"Nimesikia, baba."

"Wewe ulijua?"

Kaza alivuta kamba, akaikaza. Alisema alijua siku ya mazishi, alipofungua boksi. Alizigusa zile skrubu mbili zikazunguka, akaiona mipindo kwenye nyaya, akajua nani aliyewaza na nani aliyeshika bisibisi. Akafunga boksi. Aliwaza kwamba watu waliojaa pale uani, wengi wao wamefundishwa na yule mama, wamzike kama walivyomjua.

"Siku ile nilipoizima jakuzi, nilipaswa kuondoka na fyuzi yake," aliongeza. "Kuitia mfukoni, tukakosana. Nilishindwa kumnyima mwalimu wangu."

"Angekutumia mtu uirudishe," binti alisema. Ndiye aliyempeleka Kaza pale, na tangu alipotoka hakuwa amemtazama usoni. Sasa alimtazama. "Mama alikuwa hivyo. Nisamehe."

Kaza alisema yamekwisha, dada, lakini alilisema haraka mno, na wote watatu walijua kwamba hayajaisha, yataisha pole pole.

Mzee aliizungusha kofia magotini. "Ungekaa humo ndani mpaka lini, mwanangu?"

"Sijui, baba. Nilikuwa najiuliza hilo hilo kila walipofunga mlango."

Inspekta alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, na faili mkononi. Alimwona mzee akitaka kuinuka na magoti yakimkatalia, na mikono miwili ikimjia kwa pamoja, mkubwa wa Kaza upande mmoja na mwembamba wa binti upande mwingine. Wakamsimamisha. Wakatoka wakiwa wameongozana hivyo, polepole, kwa mwendo wa yule aliye katikati, huku mzee akieleza njia nzima kwamba nyumbani kuna wali na maharage ya jana, ni mengi, na kwamba peke yake hawezi kuyamaliza.